Baiskeli Ichaguliwe kwa Kipimo, Si kwa Jina

Mtu mzima wa Kilwa au Lindi anapoamua kurejea kwenye baiskeli aliyoiacha miaka ishirini iliyopita, jambo la kwanza analoulizia ni jina la kiwanda, la pili ni bei, na la tatu, kama lipo, ni rangi. Maswali hayo yalitosha zamani, kwa kuwa baiskeli za madukani zilikuwa karibu za namna moja: Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Hero ya India, zote zikiwa na fremu nzito ya chuma, magurudumu makubwa na gia moja tu. Leo hayatoshi. Zipo baiskeli za gia za kila aina, nyingi zikiwa za mtumba, na miongoni mwake imo ile tunayoweza kuiita chotara, yaani yenye usukani ulionyooka kama wa baiskeli ya milimani na magurudumu makubwa mepesi kama ya baiskeli ya mwendo wa barabarani. Maoni yangu ni kwamba hiyo ndiyo imfaayo zaidi mtu mzima wa pwani hii. Lakini si kila chotara afaa, na anayefaa hatambulikani kwa jina wala kwa wingi wa gia zake.

Adhaniye kwamba pwani yote ni tambarare hajapata kupanda kutoka bandarini Lindi kuelekea vilimani nyuma ya mji, seuze kuikabili njia ya uwanda wa Rondo, ambao kilele chake kinazidi mita 800 juu ya usawa wa bahari. Tuchukue baiskeli ya zamani yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.44. Mzingo wa gurudumu ni takriban mita 2.2, hivyo baiskeli husonga mita 5.4. Sasa mpanda baiskeli pamoja na chombo chake na wawe na kilo 100, na mlima uwe wa mita moja juu kwa kila mita 20 za mwendo. Kani ya kumrudisha nyuma ni kama newtoni 50, na kazi ya kusonga mita 5.4 ni juli 270. Pedeli yenye mkono wa sentimita 17 huzunguka njia ya mita 1.07 tu. Gawanya, utaona kwamba mguu hauna budi kukandamiza kwa wastani wa newtoni 250 hivi, sawa na uzito wa kilo 25, hata kabla ya kuhesabu upepo na mchanga. Na huo ni wastani. Pedeli inapokuwa mbele kabisa, kani huwa kubwa zaidi.

Tukichukua baiskeli yenye gia ya chini ya meno 28 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko unaisogeza mita 2.2, na kani inashuka hadi uzito wa kilo 10. Kazi ya kuufikia upeo wa mlima ni ile ile. Miguu inazunguka mara nyingi zaidi, lakini kila mara kwa wepesi.

Tofauti hiyo ya kilo 15 si jambo dogo. Kijana wa kidato cha tatu husimama juu ya pedeli akaumaliza mlima. Mwalimu wake wa miaka hamsini atajaribu vivyo hivyo, goti litamuuma siku ya tatu, na baiskeli itaegemezwa ukutani mpaka kutu iimalize. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Aishiye kilomita tano kutoka shuleni kwake, akienda na kurudi siku tano kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hupata dakika 200 bila kutafuta uwanja wala saa ya ziada. Shinikizo la damu na kisukari vinaposumbua walimu wengi, sioni sababu ya kuzipoteza dakika hizo kwa ajili ya gurudumu moja la meno.

Kwa hiyo mnunuzi na ayahesabu meno kwa kidole, pale pale dukani. Gurudumu dogo kabisa la mbele lisizidi meno ya gurudumu kubwa kabisa la nyuma. Baiskeli isemwayo kuwa na gia 21 huwa na magurudumu matatu mbele na saba nyuma, na nyingi katika gia hizo hukaribiana mno hata mguu usijue tofauti. Gurudumu moja la mbele na saba ya nyuma yanatosha kabisa, na fundi huwa na vitu vichache vya kurekebisha. Gia hiyo hiyo ya chini ndiyo itakayomwokoa msafiri wa kutoka Nangurukuru kwenda Lindi majira ya kusi, kwa maana upepo wa mbele ni mlima usioonekana.

Jambo la pili ni mchanga. Chotara wengi hutoka kiwandani na tairi za upana wa milimita 32 au 35, ambazo ni nzuri kwenye lami. Ukiacha lami kuingia vijijini, tairi nyembamba huukata mchanga kama kisu. Tairi pana hustahimili kupunguzwa hewa, na kanieneo ikipungua kwa nusu, eneo linalogusa ardhi huongezeka karibu maradufu. Upana usiwe chini ya milimita 40, na fremu iwe na nafasi ya kuupokea.

Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi. Tairi ya baiskeli ya zamani huitwa “28”, na tairi ya chotara nayo huitwa “28”, lakini haziingiliani. Ya zamani hukaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635, na ya chotara kwenye ringi ya 622. Ukweli umeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa tairi, mathalani 40-622. Kabla ya kununua, mnunuzi aende kwanza kwa fundi wa Kivinje au Masoko aulize ni tairi zipi hupatikana. Ikiwa 622 ni adimu, anunue mbili za akiba siku hiyo hiyo, au achague baiskeli ya inchi 26 yenye ringi ya 559.

Kuhusu fremu, nitasema lisilopendwa na wanaume wenzangu. Fremu isiyo na bomba la juu, iitwayo ya kike, humfaa mwalimu wa kike aliyevaa baibui, na humfaa vile vile babu mwenye gunia kwenye keria, asiyeweza tena kurusha mguu juu ya mzigo. Ni nzito kidogo, na aibu yake haina msingi wowote katika umekanika. Springi za mbele, kinyume chake, zinasifiwa bure: huongeza uzito, hunywa sehemu ya nguvu za mpandaji, na hewa ya chumvi huzishika mapema.

Chumvi hiyo ina hila nyingine. Fremu ya chuma ikiwa na nguzo ya kiti ya alumini, metali hizo mbili na unyevu wa chumvi hufanya kazi mithili ya betri. Alumini huliwa, oksidi yake huvimba, na nguzo hukwama isitoke kamwe. Kwa hiyo, siku baiskeli inapofika nyumbani, nguzo ichomolewe, ipakwe grisi, irudishwe kwa urefu unaoacha goti likiwa limekunjika kidogo tu pedeli ikiwa chini, kisha ipakwe tena kila mwaka kabla ya masika.