Kutoka Uwanjani hadi Ulezini: Nani Atawalea Wanasoka wa Gesima?

Katika Kiswahili cha michezo, mtu anayeifunza timu ana majina kadhaa. Magazeti ya Kenya humwita kocha au mkufunzi, ilhali nchini Tanzania wachezaji wengi humwita mwalimu. Jina hili la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa mwalimu hupimwa kwa wanafunzi anaowaacha nyuma yake. Makala haya yanashikilia kwamba Kenya imewasifu wafungaji wa mabao kwa sauti kubwa huku ikiwapuuza waliowalea wafungaji hao. Hasara ya mazoea hayo huwaangukia kwanza watoto wa mashambani, mathalani wale wa Gesima, eneo la Kitutu Masaba katika Kaunti ya Nyamira.

Ushahidi wa kwanza umo katika lugha yenyewe. Msemo "Kadenge na mpira" ulizaliwa na utangazaji wa redio, enzi Joe Kadenge alipokuwa akiwahangaisha mabeki katika miaka ya 1960. Watu ambao hawakuwahi kumwona hata mara moja walimjua kwa masikio, na hadi leo msemo huo hutumiwa na vijana wasiojua asili yake. Je, mwenye jina alifaidiwa vipi na taifa, nalo taifa lilifaidi nini kutokana na ujuzi wake? Mnamo 2002 alikabidhiwa timu ya taifa, Harambee Stars. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya kutundika daluga, riziki yake ilitokana na kuendesha teksi jijini Nairobi. Alifariki Julai 2019. Kazi ya teksi ni halali na haina aibu yoyote. Lililo la kusikitisha ni kwamba hapakuwa na utaratibu wa kumweka mtu kama huyo mbele ya watoto kila jioni, ili chenga zilizoimbwa redioni zifundishwe uwanjani. Jina limehifadhiwa katika lugha, bali sehemu kubwa ya ujuzi imekwenda na mwenyewe.

Kuna mfano wa pili ulio kinyume na huo. Mnamo 1987, Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha chama cha michezo cha vijana katika mtaa wa Mathare, Nairobi, kijulikanacho kwa kifupi kama MYSA. Sheria zake zilikuwa za ajabu wakati huo. Timu ilipata alama kwa kushinda mechi, na ilipata alama nyingine kwa kuzoa taka mtaani. Wachezaji wakubwa walitakiwa kuwafunza wadogo, na waliojitolea zaidi walisaidiwa karo. Mwaka 1994 ilizaliwa klabu ya Mathare United, ambayo ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na 2000, kisha ikawa bingwa wa ligi kuu mwaka 2008.

Francis Kimanzi ni zao la malezi hayo. Alicheza, akafunza, na mwaka 2008 akakabidhiwa Harambee Stars. Desemba ya mwaka huo, Kenya ilifika nafasi ya 68 katika orodha ya FIFA, nafasi ya juu kabisa katika historia yake. Baada ya muda mfupi aliondolewa kazini, ingawa aliitwa tena miaka ya baadaye. Waama, samaki mkunje angali mbichi. Kimanzi hakungoja kustaafu ndipo ajifunze kufundisha, kwani alilelewa mahali ambapo kucheza na kufundisha vilikwenda sambamba.

Mataifa mengine pia yana mifano ya aina hii. Joey Jones wa Wales alishinda Kombe la Ulaya akiwa na Liverpool mwaka 1977, na akaichezea nchi yake mara 72. Alipomaliza kucheza, alibaki Wrexham, klabu iliyomkuza, akafunza vijana na kikosi cha akiba. Alipofariki Julai 2025, mashabiki wa Wrexham walimlilia kama mtu wa nyumbani. Klabu hiyo ilikuwa na nafasi ya mlezi, na nyota wake wa zamani hakuona kwamba kuwafunza vijana ni kushuka cheo.

Sasa turejee Gesima. Hapo pana vilima vya majani chai, mvua ya kutosha na watoto wasiochoka kukimbia. Kandanda inapendwa kote Gusii. Shabana iliposhuka daraja mwaka 2006, mashabiki wake hawakuisahau, na iliporejea ligi kuu mwaka 2023 walimiminika uwanjani Kisii kana kwamba haikuwahi kuondoka. Lakini mapenzi ya mashabiki hayamfundishi mtoto wa miaka kumi kuutuliza mpira. Mtoto huyo hutegemea mwalimu wa darasani mwenye hisabati za kusahihisha, na akimaliza shule bila kuonekana, safari yake ya soka huishia hapo.

Wapo watakaosema kwamba si kila mchezaji hodari aweza kufundisha. Hoja hiyo ina ukweli. Kutia mpira wavuni ni kipawa, na kumweleza mtoto namna ya kuutia ni taaluma. Ndiyo maana wastaafu wanapaswa kupelekwa kwenye kozi, wakianza na leseni ya daraja D ya shirikisho la Afrika, CAF, kabla ya kukabidhiwa watoto. Wengine watadai kwamba fedha hazipo. Dai hili ni dhaifu zaidi. Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na fedha za viwanja zikatafutwa zikapatikana. Mshahara wa mlezi mmoja katika kila wadi ni tone tu kando ya gharama ya uwanja mmoja. Isitoshe, Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Kaunti ya Nyamira haina haja ya kungoja Nairobi.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Mafunzo mengi ya ukocha huandikwa kwa Kiingereza, na mchezaji mstaafu aliyeacha shule mapema hutishwa na lugha kabla ya kutishwa na somo. Mwongozo wa kufundisha soka ya watoto, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi na kwa istilahi zinazotumika uwanjani, ungefungua mlango huo. Kazi hiyo inafaa kabisa kuwa mradi wa chama cha wanafunzi, nayo ingeweza kuanza muhula ujao.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Redio ilimpa Kadenge jina lisilosahaulika. Gesima inahitaji mtu asiyetangazwa redioni, atakayefika uwanjani kila jioni akiwa na filimbi na mipira michache, anayelipwa kwa kazi yake, na anayeitwa mwalimu kwa heshima ileile apewayo mwalimu wa darasani.