Maji Ni Yale Yale, Udongo Si Ule Ule

Mafuriko yanapopita tunawahesabu waliokufa, nyumba zilizobomoka na magunia yaliyosombwa. Ni wajibu wetu. Udongo, hata hivyo, huwa hatuuhesabu, na ndio utakaomlisha mkulima mwakani, au kumnyima.

Tulitazame bonde la Rufiji. Tangu zamani wakulima wa huko hungoja maji yapungue, ndipo wapande mahindi na kunde katika tope jipya. Kilimo hicho hukiita mlau. Mto huwaletea rutuba bila malipo. Kwa hiyo, Serikali ilipowahamisha wengi wao kutoka bondeni baada ya mafuriko ya mwaka 1968, iliwaokoa na maji, lakini iliwatenga na udongo wao bora, wakaenda kulima ardhi ya kichanga. Leo bwawa la umeme la Julius Nyerere liko juu ya bonde hilo, na kila bwawa huzuia tope nyuma ya ukuta wake. Mkulima wa mlau anastahili kuulizwa amepoteza nini.

Mahali pengine maji yale yale huwa mwizi. Shamba la mlimani lililolimwa kwa matuta yanayoteremka hupoteza udongo wake wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Malisho yaliyokanyagwa na mifugo mingi mno hushindiliwa hata maji yasipenye. Hutiririka na kuwaongezea mafuriko walio chini. Msituni, majani makavu hupunguza nguvu ya mvua na mizizi huyafungulia maji njia ya kuingia ardhini.

Maji yakituama, hewa iliyomo udongoni huweza kwisha kwa siku moja au mbili. Hapo vijidudu huanza kutumia naitreti badala ya hewa, na naitrojeni ya mkulima hupotea angani. Mpunga huvumilia, kwa maana shina lake lina vijia vya kupeleka hewa mizizini. Mahindi hayana uwezo huo. Hugeuka manjano na kufa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Siipingi. Ila naona ni rahisi mno kumfukuza mama mwenye bustani ya mchicha mtoni, na vigumu kumwuliza aliyekata msitu mlimani, ambaye pengine haishi hata wilayani.

Baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024 huko Rufiji na Kibiti, viongozi wa vijiji wapite shambani pamoja na bwana shamba kabla mbegu hazijagawanywa. Penye tope jipya, watu wapande mapema. Palipofunikwa na mchanga, mwenye shamba aandikwe miongoni mwa waliopata hasara, sawa na aliyebomokewa nyumba. Na penye maji bado, trekta lisiingie: udongo uliolowa ukishindiliwa na magurudumu, mvua ya mwaka ujao haitapata pa kupenya.