Baridi yao, giza letu

Vijana wa Lubumbashi, delestaji tunaijua: jioni giza, mishumaa, watoto hawasomi. Lakini ku ofisi kubwa za serikali klimatizeri zinanguruma madirisha wazi, hata usiku wakati hakuna mtu ndani. Umeme wetu, sehemu yake inasafiri karibu kilomita 1.700 toka Inga mpaka Kolwezi, halafu inapotelea dirishani!

Sisi wenye diplome bila kazi hatuombi miujiza. Mufunge madirisha, muweke digrii 25 pahali pa 18, musafishe chujio zilizojaa vumbi, muzime saa ya kutoka kazi. Hiyo haingoji mfadhili.

Tunadai kila ofisi ya serikali ibandike faktire yake ya umeme mlangoni, kila mwezi. Kodi ni yetu. Na wewe ukiingia mule, uliza: hapa nani anazimaka?