Dubwana Lisilo Fumbo: Dhidi ya Usomaji Mmoja wa Max Klinger

Kuna kasumba iliyowatawala baadhi ya wahakiki wetu. Wakikutana na kiumbe cha kisasili katika kazi ya sanaa, huuliza papo hapo kinawakilisha nini. Zimwi ni ukoloni, joka ni mtawala, nguva ni tamaa. Jibu likishapatikana, kiumbe chenyewe hutupwa kama kumbi la nazi. Makala haya yanaupinga usomaji huo, na ushahidi wake ni kazi ya Mjerumani Max Klinger (1857-1920).

Tuuchukue mfululizo wake Ein Handschuh (Glavu), wenye michoro 10 iliyochapwa kutoka mabamba ya shaba mwaka 1881. Mwanamke anaangusha glavu katika uwanja wa kutelezea kwa viatu vya magurudumu mjini Berlin. Mwanamume anaiokota, na tangu hapo inamtawala ndotoni. Katika mchoro wa tisa, Entführung (Utekaji), dubwana lenye mbawa, mfano wa mtambaazi arukaye wa enzi za kale, linatoroka usiku na glavu mdomoni. Mikono miwili inachomoza dirishani kuifuata, isiifikie.

Wapo wanaodai kwamba hapa pana Freud mtupu: glavu ni mwanamke, dubwana ni ashiki iliyokandamizwa. Dai hili lina kasoro mbili. Kwanza, kitabu cha Freud kuhusu ufasiri wa ndoto kilitoka mwaka 1899, miaka 18 baada ya michoro hii. Naam, nadharia yaweza kuimulika kazi iliyoitangulia. Haiwezi, hata hivyo, kugeuzwa kuwa siri aliyoificha msanii. Pili, na hili ndilo zito, ufasiri huo hauutazami mchoro. Vioo vilivyovunjika ni vile vilivyopenywa na mikono ya mwanamume. Dubwana liko nje tayari, wala hakuna tundu linalolitosha mwili. Aliyevunja ni mtu! Ukinzani huu ndio kiini cha mchoro, nao humpita anayekimbilia kamusi ya ishara.

Klinger mwenyewe, katika Malerei und Zeichnung (1891), alishikilia kwamba sanaa ya mstari, michoro ya kuchapwa ikiwamo, ina uhuru ambao picha ya rangi haina: uhuru wa kueleza yanayowazika na upande wa giza wa maisha. Tukirudi kwenye bamba, tunaiona maana ya kauli hiyo. Kioo, mkono na ubawa vyote vimezaliwa na mstari na wino mmoja. Dubwana lina uhalisi uleule wa dirisha. Kulifanya kivuli cha jambo jingine ni kulipokonya haki ambayo msanii amelipa.

Mwanafunzi anayefunzwa kutegua kila kiumbe kama kitendawili atahitimu akiwa hodari wa majibu na kipofu wa kazi zenyewe. Zimwi, liwe la Berlin au la ngano zetu, litazamwe kwanza linafanya nini. Swali la maana yake litakuja baadaye, tena likiwa swali bora zaidi.