Kusawazisha au Kuwianisha? Hodi za Maunzi na Mtihani wa Istilahi Zetu

Kwa muda mrefu sisi wapenzi wa Kiswahili tumejivunia wingi wa istilahi tulizo nazo katika uwanja wa tarakilishi. Tuna faili, dirisha, kipanya, kibodi, nywila, mtandao na tovuti. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili, zikapewa jina la Jambo, nasi tukashangilia, tena kwa haki. Hata hivyo, ukizichunguza istilahi hizi utaona kwamba nyingi ni za kile kinachoonekana kwenye kiwambo. Ni nadra kukuta makala ya Kiswahili yanayoeleza kinachotendeka ndani ya mashine yenyewe.

Makala haya yanashikilia kwamba istilahi haipimwi kwa kupangwa katika orodha mkabala na neno la Kiingereza. Hupimwa kwa kutumiwa kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi, hadi msomaji akielewe na aweze kukitenda. Ili dai hili lisibaki kuwa maneno matupu, nitalijaribu kwa suala moja lenye ugumu wa kutosha: namna tarakilishi inayoendeshwa na Linux inavyogawa kazi ya kuitikia maunzi yake miongoni mwa viini vya kichakataji.

Katizo, dakizo au hodi?

Kichakataji hutekeleza maagizo moja baada ya jingine. Wakati huohuo kibodi, diski na kadi ya mtandao vina shughuli zake, na kila kimoja huhitaji kuhudumiwa kwa wakati usiotabirika. Kuna njia mbili za kukabiliana na hali hii. Ya kwanza ni kichakataji kuacha kazi yake kila mara na kwenda kuuliza kila kifaa kama kina jambo, mithili ya mwenye nyumba anayetoka jikoni kila dakika kuchungulia mlangoni. Ya pili ni kuendelea na kazi hadi mgeni atakapojitokeza mwenyewe. Katika njia hii kifaa hutuma ishara. Kichakataji hukamilisha agizo lililo mkononi, huhifadhi kumbukumbu ya pale kilipofikia, humshughulikia mgeni, kisha hurejea palepale kilipoachia. Ufundi huu si wa jana. Edsger Dijkstra, mwanasayansi maarufu wa Uholanzi, aliushughulikia katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1959.

Je, ishara hiyo tuiite nini? Neno linaloujia ulimi haraka ni katizo. Lakini mwanafunzi aliyekatiza masomo hayumo tena darasani, na msafiri aliyekatiza safari hakufika. Kukatiza hakutuahidi kwamba kazi itaendelea, ilhali kurejea kazini ndiko uti wa mgongo wa jambo tunalolieleza. Dakizo nalo limefungamana na mazungumzo, tena lina harufu ya utovu wa adabu.

Napendekeza neno ambalo kila mtoto wa Kiswahili analijua: hodi. Ndani ya hodi mna mgeni asiyeingia kwa nguvu, mwenyeji aliyekuwa na shughuli nyingine, mwitikio, na shughuli inayongoja kuendelezwa. Tena mila ya hodi inamruhusu mwenyeji kusema, "Ngoja kidogo, naja." Hivyo ndivyo kichakataji kinavyoweza kuziba masikio kwa muda mfupi kinapofanya kazi isiyotaka kusumbuliwa. Zipo pia ishara ambazo hakiruhusiwi kuzipuuza, kwa mfano zile za hitilafu kubwa ya maunzi. Hizo si hodi bali ni mayowe, na lugha yetu tayari inatofautisha anayepiga hodi na anayepiga mayowe.

Hata utaratibu wa Linux wa kuipokea hodi unaelezeka kwa urahisi. Kazi hugawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ni fupi sana: kumwitikia mgeni, kupokea alichokibeba na kumketisha barazani. Ya pili, iliyo ndefu, ni kumhudumia, nayo hufanywa baadaye kidogo ili mlango usizibwe na mtu mmoja.

Mlango mmoja, nyumba yenye watu wengi

Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, swali la nani aende mlangoni halikuwapo. Tarakilishi yake ilikuwa na kichakataji kimoja. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 ndilo lililoanza kutumia vichakataji zaidi ya kimoja. Leo kichakataji kimoja hubeba viini kadhaa, na kila kiini hufanya kazi kana kwamba ni kichakataji kamili. Simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo mifukoni, huendeshwa na kokwa ya Linux, na nyingi zina viini vinane. (Nimesema kokwa kwa makusudi. Programu hii ya msingi inayosimamia maunzi tukiiita nayo kiini, msomaji hataweza kuitofautisha na viini vya kichakataji.)

Basi hodi inapopigwa katika nyumba yenye watu wanane, nani aitike? Pasipo mpango wowote, katika mashine nyingi mzigo humwangukia wa kwanza, yaani kiini nambari 0. Wengine hukaa kitako, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Linux haifichi jambo hili. Katika faili iitwayo /proc/interrupts mna jedwali ambalo kila mstari wake ni chanzo kimoja cha hodi na kila safu ni kiini kimoja. Tarakimu zilizomo ni idadi ya hodi zilizoitikiwa tangu mashine ilipowashwa. Si ajabu kukuta safu ya kwanza ina mamilioni na jirani zake zina sufuri tupu.

Uzito wa mzigo huo waweza kukadiriwa. Kebo ya mtandao yenye kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde huweza kuleta pakiti ndogo kabisa zipatazo 1,488,000 kila sekunde. Kiini kinachozipokea peke yake kina nanosekunde 672 tu kwa kila pakiti. Mwaka 1996 watafiti Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walieleza kinachotokea mzigo ukizidi: mashine hutumia muda wake wote kuitikia hodi, isipate nafasi ya kumhudumia mgeni hata mmoja hadi mwisho. Haijafa, inahangaika tu bila matunda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Linux ililipatia jambo hili dawa. Hodi ya kwanza ikiitikiwa, kadi ya mtandao huambiwa inyamaze, na kiini huzichukua pakiti kwa mafungu mpaka ziishe, ndipo kadi huruhusiwa kupiga hodi tena. Kwa hiyo zile njia mbili za awali hazina uhasimu. Wageni wakiwa wachache, ngoja hodi. Wakiwa wengi, nenda mwenyewe mlangoni.

Sawa si haki

Hapa ndipo istilahi inapoingia mtihanini. Kiingereza hulitaja suala la kugawa hodi kwa neno ambalo mtafsiri mwenye haraka atalifasiri mara moja kuwa kusawazisha. Kamusi zitamuunga mkono. Lakini kusawazisha kunatokana na sawa, na msomaji ataelewa kwamba hodi zigawanywe sawasawa: ya kwanza kwa kiini 0, ya pili kwa kiini 1, ya tatu kwa kiini 2, na kadhalika. Akifanya hivyo, ataiharibu kazi badala ya kuitengeneza. Sababu ni tatu.

Kwanza, kila kiini kina kache yake, yaani ghala dogo la kumbukumbu lililo karibu naye mno, lenye data alizozishughulikia punde. Pakiti inayofuata ya mawasiliano yaleyale ikipelekwa kwa kiini kingine, huyo wa pili hana budi kuanza kuitafuta data upya kutoka mbali. Fikiria tasnifu moja iliyogawiwa wasimamizi wanane kwa jina la usawa, kila sura na msimamizi wake. Wasimamizi watakuwa wamefanya kazi sawa, na mwanafunzi hatahitimu.

Pili, viini tofauti havimalizi kwa wakati mmoja. Pakiti za mawasiliano mamoja zikitawanywa, ya tano yaweza kufika kabla ya ya tatu. Aliyezituma aweza kudhani kwamba ya tatu imepotea, akaituma tena bure na kupunguza mwendo.

Tatu, kazi ikiwa chache ni heri viini vichache viibebe ili vingine vilale na kuhifadhi umeme. Kumwamsha kila mtu kwa ajili ya mgeni mmoja si uadilifu, hasa katika kifaa kinachotegemea betri.

Linux hufanya nini basi? Kadi nyingi za kisasa za mtandao zina foleni kadhaa. Kadi hukokotoa namba kutokana na anwani za mtumaji na mpokeaji, na kwa namba hiyo pakiti zote za mawasiliano mamoja huingia foleni moja na kuhudumiwa na kiini kimoja. Tangu toleo la 2.6.35 la mwaka 2010, kokwa yenyewe inaweza kufanya ugawaji wa aina hii hata pale kadi isipoweza. Aidha, ipo programu iitwayo irqbalance ambayo kwa kawaida huamka kila baada ya sekunde 10, hutazama nani amelemewa na nani ana nafasi, huzingatia viini vipi vinachangia kache, kisha huhamisha chanzo cha hodi pale tu penye sababu.

Mwenye mashine pia anaweza kuamua mwenyewe. Kila chanzo cha hodi kina namba yake ndani ya /proc/irq, na chini ya namba hiyo mna faili iitwayo smp_affinity. Ukiandika 1, umekiteua kiini 0. 2 ni kiini 1. 4 ni kiini 2. 8 ni kiini 3. Ukitaka viini viwili vya kwanza, jumlisha 1 na 2, uandike 3. Ukitaka vyote vinne, jumla ni 15, ambayo katika hesabu ya kumi na sita huandikwa f. Ila ajihadhari: irqbalance isipoarifiwa, yaweza kuyafuta aliyoyapanga kwa mkono. Na si kila hodi inahamishika. Saa ya ndani ya kila kiini humpigia hodi mwenye saa peke yake.

Neno linalostahili kubeba haya yote ni kuwianisha. Uwiano haudai vipande vilingane. Unadai kila mmoja apewe kinachooana na uwezo wake, kazi aliyo nayo na ujirani wake. Uwianishaji wa hodi ni istilahi inayomfundisha msomaji jambo kabla hata hajasoma ufafanuzi, ilhali usawazishaji wa hodi unampotosha kabla hajaanza.

Pingamizi mbili

Najua yapo watakayoniuliza wasomi wenzangu. Wa kwanza watasema kwamba mambo haya ni ya idara za uhandisi, na mwanafunzi wa Kiswahili ajishughulishe na fasihi na sarufi. Nawajibu kwamba kosa la kusawazisha si la kihandisi bali la kisemantiki. Mhandisi analijua jambo na huenda asione tofauti ya maneno mawili. Mwanaisimu anaijua tofauti ya maneno na huenda asilijue jambo. Kila mmoja akijifungia chumbani mwake, istilahi mbovu itapita mlangoni pasi na kupigiwa hodi yeyote. Zaidi ya hayo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kueleza mashine zinazohifadhi kumbukumbu za taifa ina urasmi wa karatasi.

Wa pili watasema kwamba ni rahisi zaidi kutohoa, tuseme intarapti na yaishe. Pingamizi hili lina uzito, nami mwenyewe nimetumia kache, diski na betri bila kuona haya. Majina ya vitu hukopeka vizuri, kwani kitu huja na jina lake. Lakini majina ya matendo na mahusiano yana kazi nyingine. Intarapti haimwambii msomaji kama kazi itaendelea au imekoma, wala kama mgeni anaweza kuambiwa angoje. Hodi inamwambia yote mawili. Pale ambapo lugha inayo tayari picha kamili ya jambo, kukopa ni kuazima jembe kwa jirani na letu limening'inia ukutani.

Hitimisho

Ninachopendekeza hakihitaji fedha wala kamati. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mmoja wa sayansi ya tarakilishi waketi pamoja, wachague utendaji mmoja wa mashine, waueleze kwa kurasa mbili za Kiswahili, kisha wampe msomaji wa tatu ajaribu kuufuata. Panapomkwamisha neno, neno hilo ndilo la kurekebishwa. Chama chetu kikichapisha maelezo mawili ya namna hii katika kila toleo, kwa miaka michache tutakuwa na istilahi zilizokwisha kufanya kazi.

Na anayeamini kwamba katizo linafaa kuliko hodi, namwalika kwa moyo mkunjufu. Achukue ule utaratibu wa kadi ya mtandao inayoambiwa inyamaze baada ya ishara ya kwanza, auandike kwa aya moja akitumia neno lake, na aulete hapa jaridani. Tutaziweka aya mbili bega kwa bega, na wasomaji watakuwa mahakimu.