Msiba Si Mtaji wa Walanguzi

Mkulima akifia nyumbani kijijini, majirani humzika bila malipo. Vijana hushika majembe na sepetu wakachimba kaburi. Akina mama huleta kuni, maji na unga. Wazee huketi na wafiwa. Huo ndio ujamaa ambao Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuubuni, bali liliukuta.

Lakini mkulima huyo huyo akifia hospitali ya mjini, mambo hugeuka. Ndugu zake, hata machozi hayajakauka, hutoka langoni kutafuta jeneza na gari la kumrudisha kwao. Hapo ndipo walanguzi wanapowangojea. Bei haipangwi kwa ubora wa mbao wala kwa umbali wa safari, bali kwa kupima huzuni ya mnunuzi. Mfiwa hawezi kusema, "Nitarudi kesho." Basi ng'ombe huuzwa, mahindi yangali shambani hutolewa kwa bei ya kutupa, na watoto wa marehemu hurithi deni kabla ya kurithi jembe.

Watakuwapo wa kutuambia kwamba biashara ni huru na kwamba seremala naye ana watoto. Seremala hatumkatai, jasho lake lina haki ya ujira. Dereva pia hatumkatai. Tunayemkataa ni yule asiyeshika randa wala usukani, anayesimama katikati na kuongeza bei juu ya maiti. Huyo ni kupe.

Dawa yake si ngeni. Katika misikiti mingi jeneza ni mali ya jamaa wote: humbeba maiti hadi kaburini, maiti akazikwa kwa sanda yake, nalo likarudi kumngoja mwingine. Tajiri na fukara hubebwa na mbao zile zile. Kwa wale wanaozika na jeneza, kijiji chaweza kununua mbao mapema na kumlipa fundi wake ujira uliokubaliwa. Kadhalika chaweza kupatana na mwenye gari, nauli ijulikane kabla ya msiba kufika.

Uwezo upo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kumiliki mali, na kutunga sheria ndogo zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hivyo mfuko wa mazishi waweza kuwa na daftari, mweka hazina na hesabu zinazosomwa hadharani.

Kinachokosekana ni moyo wa viongozi. Haitoshi kiongozi kufika matangani, kutoa rambirambi na kuaga. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila miezi 3. Ujao na uwe na ajenda hii. Kifo hakipigi hodi. Kijiji kisichojiandaa leo, kesho kitawapeleka wafiwa wake mikononi mwa walanguzi.