Jeshi lipimwe kwa ugavi

Desemba 2007 Burundi ilipeleka askari Somalia, na kwa miaka 17 ikajijengea jina la nchi ndogo yenye jeshi la kutegemewa. Mwishoni mwa 2024 jeshi hilo liliondoka. Serikali iliyoko Gitega, mji mkuu, isilitumie jina hilo kama ushahidi kwamba nchi inamudu vita nje ya mipaka yake.

Somalia, tangu 2009, chakula, mafuta na usafirishaji wa majeruhi vilibebwa na Umoja wa Mataifa. Posho zilitoka Umoja wa Ulaya. Ulaya ilipopunguza fungu lake mwaka 2016, kisha ikakataa kuzipitishia posho hizo serikalini, kufikia Januari 2017 Burundi ilikuwa ikitishia kurudisha vikosi nyumbani. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo halisi, na hakuna aliyejali kukisoma.

Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, walikoingia rasmi askari wa Burundi Agosti 2022, hakuna ghala la Umoja wa Mataifa la kuwalisha. Uvira, mji wa huko uliotekwa na waasi wa M23 Desemba 2025, uko kilomita zisizozidi 30 kutoka Bujumbura. Umbali haukuwa kisingizio cha kuupoteza. Raia wana haki ya kujua kilichopungua: askari, risasi au dizeli.

Ikiwa ni dizeli, haishangazi. Mafuta hupanda kwa malori kutoka Dar es Salaam, huvuka mpaka Kobero, hupita Muyinga, ndipo yaufikie mji mkuu. Fedha za kigeni zikikauka, malori hayaji. Gitega magari hulala foleni kwenye vituo vya mafuta. Muyinga pikipiki hushusha madumu ya magendo. Jeshi linakunywa kutoka bomba hilohilo.

Katiba ya 2005 ilimtaka Rais alieleze Bunge sababu, mahali na muda wa kutumia jeshi. Hesabu ya ugavi haikutajwa, na pengo hilo limetumiwa vya kutosha. Kusingizia siri hakutoshi: adui huyahesabu malori barabarani, asiyehesabu ni Bunge.

Waziri wa Ulinzi aitwe, hata kwa kikao cha faragha, aeleze kikosi kinaishi siku ngapi bila lori jipya, magari mangapi kati ya yaliyoandikwa vitabuni yanawaka, na majeruhi anamfikia daktari wa upasuaji baada ya saa ngapi. Ukaguzi uanzie kambi ya Mukoni, Muyinga, jirani na mafuta yanakoingilia, na kijiti kitumbukizwe tangini mbele ya wakaguzi.